Gauni la Kompyuta

Kilosa, Jumatatu, 3 Machi

Leo ninaanza, Madam Rebeka, na ninaahidi sitakuficha kitu, kiwe kizuri au kibaya. Siku ulipohamia Mikumi uliniachia daftari hili, ukasema niandike masika yote, nikuletee ulisome mwisho wa muhula. Nitaandika kama ulivyonifundisha: kwanza kilichotokea, halafu ninachokifikiri.

Kilichotokea ni kwamba chumba cha kompyuta amekabidhiwa Madam Gaudiosa, matroni wetu, mpaka aje mwalimu mwingine wa somo. Mimi bado ni kiranja wa chumba na ufunguo ninao. Nadharia tunaisoma kwenye flashi uliyotuachia. Vitendo tunafanya kwa zamu kwenye ile kompyuta ya mezani moja iliyobaki nzima. Mkuu wa shule, Mwalimu Ditram, ametangaza kwamba mwisho wa muhula kuna jaribio la vitendo, na asiyelifanya anaondolewa kwenye somo moja kwa moja. Kidato cha nne ataingia bila kompyuta.

Unajua ninavyolitaka somo hili. Nyumbani wanajua pia, maana sina habari nyingine.

Jumatano, 5 Machi

Madam Gaudiosa ameifumia kompyuta gauni.

Ni la uzi mweupe, pindo la waridi, kama la mtoto anayepelekwa kubatizwa. Linaifunika sipiyu, lile boksi la mashine, juu, ubavuni na nyuma, na mbele ameacha tundu la kidole cha kuwashia. Tulipoliona tulipiga makofi. Kwa Bibi redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa, hata mtungi wa maji una kitambaa, kwa hiyo nilifurahi kuona kompyuta nayo imeheshimiwa.

"Gauni halivuliwi," alisema. "Inatumika ikiwa imevaa. Vumbi la hapa mnalijua."

Mwanasha, rafiki yangu wa kule nyumba za reli, aliniinamia sikioni. "Sikukuu ikifika itanishinda kwa kupendeza, na mimi ndiye niliyefunga."

Alhamisi, 6 Machi

Jua kali. Hakuna jipya.

Jumanne, 11 Machi

Leo imetokea ajabu. Nilikuwa natengeneza jedwali. Kioo kikaanza kucheza, ikaja mistari ya kijani na ya zambarau kutoka juu hadi chini, herufi zikachanika vipandevipande, halafu kompyuta ikazima yenyewe. Taa ya chumbani ilikuwa inawaka, kwa hiyo umeme haukukatika. Nilipoiwasha tena baada ya kipindi kingine ilikuwa nzima kama haijafanya kitu.

Jumatano, 12 Machi

Vilevile. Mistari, kisha giza.

Alhamisi, 13 Machi

Ulitufundisha tusibahatishe, tubadilishe kitu kimoja kimoja. Mimi na Mwanasha tuliukaza waya wa kioo. Mistari ikaja. Tukautoa waya huo, tukaweka mwingine. Mistari ikaja. Mwisho tukabeba kile kioo kikubwa cha zamani kutoka stoo, Mwanasha akilalamika kwamba mwenye saumu habebeshwi mzigo, tukakiunganisha. Mistari ikaja kwenye hicho pia, rangi zilezile.

Basi kioo hakina kosa. Kosa liko ndani ya sipiyu. Nilikwenda kumwambia Madam Gaudiosa, akanisikiliza vizuri, akasema, "Asante mwanangu, tutaangalia." Ni mama mpole. Nampenda.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Asubuhi yote baridi, mpaka wasichana wa bweni wamevaa masweta. Kompyuta imefanya kazi vipindi viwili mfululizo bila mstari hata mmoja. Nafikiri inachukia jua. Dirisha lile la upande wa uwanja linaipiga jua la mchana.

Jumatano, 19 Machi

Siku mbaya. Nitaandika taratibu maana nina hasira.

Jua lilirudi. Karani wetu, Bwana Bonifas, alikuja kuchapa mtihani wa kidato cha pili kwa sababu mashine ya ofisini ina shughuli nyingine. Akachapa muda mrefu bila kuhifadhi. Mistari ikaja, ikazima, mtihani wote ukapotea. Alitoka mle ndani akipiga kelele hadi kwenye ngazi za ofisi.

Niliitwa. Mwalimu Ditram alikuwa amekaa, Bwana Bonifas amesimama, Madam Gaudiosa kwenye kiti cha pembeni.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," akajibu mkuu peke yake. "Nani anashika ufunguo wa chumba?"

"Mimi, mwalimu."

"Umewahi kuchomeka flashi kwenye ile mashine?"

"Ndiyo, mwalimu. Ya Madam Rebeka, yenye notisi zetu."

Bwana Bonifas akapiga kiganja juu ya kiganja. "Si nilisema! Virusi! Hizo rangirangi ni virusi vinacheza disko. Watoto hawa wanabeba miziki na filamu kwenye flashi, halafu wanakuja kutumwagia humu."

"Hakuna filamu, baba. Ni notisi tu. Na nilibadilisha kioo, nikabadilisha waya, nikaona kosa liko..."

"Ulibadilisha?" Mkuu aliinua kichwa. "Nani alikuruhusu kufunguafungua mali ya shule?"

Nikamwangalia Madam Gaudiosa. Nilikuwa nimemwambia yote. Aliangalia mikono yake.

Ufunguo nimeuacha mezani. Nimezuiwa kuingia chumba cha kompyuta mpaka nitakapoambiwa. Hawajasema lini. Asiyeingia chumbani hafanyi vitendo, na asiyefanya vitendo hafanyi jaribio. Nilipowaza hivyo nilikuwa nimefika tayari njia panda ya nyumbani na sikumbuki nilivyotembea.

Madam, flashi yako niliipima kwa programu ya kusafishia virusi kila mara kabla ya kuifungua, kama ulivyoagiza. Hakuna aliyeniuliza hilo.

Alhamisi, 20 Machi

Wenzangu wamefanya vitendo. Mimi nimefagia darasa.

Jumatatu, 24 Machi

Kidato cha kwanza wameanza kuniita Virusi. Mtoto mmoja mdogo aliniamkia, "Shikamoo dada Virusi," kwa heshima zote, nadhani alifikiri ndilo jina langu. Mwanasha akamfukuza hadi bombani.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepata jambo, na limenivuruga kwanza kabla ya kunisaidia.

Tangu juzi mvua haijakata. Mto Mkondoa umejaa rangi ya matope na watu wa mabondeni wanahamisha magunia. Kwa hesabu yangu, siku ya baridi kompyuta ingetulia. Lakini Mwanasha ametoka chumbani akasema leo imezima upesi kuliko siku zote, hata mistari haikupata nafasi ya kupendeza.

"Leo? Na baridi hii?"

"Leo hii. Nimeishika ubavuni, ya moto kama sufuria."

Nikasema basi nimekosea, si jua. Nikaanza kujiuliza kama kweli ni virusi, na kama kweli nimevileta mimi. Nilikaa na wazo hilo kipindi kizima cha Jiografia, na ni wazo baya sana kukaa nalo.

Wakati wa kutoka nikamuuliza Mwanasha kitu kimoja tu: leo chumbani kuna nini ambacho jana hakikuwepo? Akafikiri. "Hakuna. Labda nailoni. Bati linavuja, Madam Gaudiosa ameifunika nailoni juu ya gauni, akaifunga na kamba isilowe."

Nilisimama palepale kwenye tope.

Joto halitoki kwenye jua. Linatoka ndani ya mashine yenyewe. Uliwahi kutuonyesha yale matundu ya nyuma na feni ndogo inayotupa hewa ya moto nje, ukasema ndiyo pua yake. Gauni limeziba pua. Jua likiwaka chumba kinakuwa na joto na gauni linamalizia. Mvua ikinyesha inapata nafuu kidogo. Leo wameivika nguo mbili, ikashindwa kabisa. Ikizidiwa na joto picha inavurugika, halafu inazima ili isiungue. Haina virusi. Imevalishwa tu.

Jumanne, 1 Aprili

Sikukuu ilikuwa jana. Nilikula pilau kwa kina Mwanasha na sikufurahi.

Nimemweleza Bibi habari ya gauni. Aliacha kuchambua mchele.

"Sasa wewe Costancia utakwenda kumwambia mama wa watu kwamba zawadi yake ndiyo inaharibu mali ya shule?"

"Ndiyo ukweli, Bibi."

"Sikukuuliza kama ni ukweli. Nimekuuliza utamwambiaje."

Mtu mzima anakuonyesha alichokifuma kwa mikono yake, wewe unamwambia akivue. Hata kulitamka ni kama kutukana. Ndiyo maana mwezi mzima hakuna mwalimu aliyelinyanyua hata pindo.

Alhamisi, 3 Aprili

Kompyuta imepelekwa kwa fundi huko kwenu Mikumi, anaitwa Valentino, ana banda karibu na stendi. Bwana Bonifas ameisindikiza. Gauni limebaki, linafuliwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Imerudi. Bwana Bonifas alisimama mbele ya ofisi akiwahadithia walimu, nasi tulikuwa tunapita na madumu ya maji.

"Fundi yule mtaalamu! Kaiweka mezani, kaifuta virusi vyote. Imeshinda inapiga nyimbo tangu asubuhi mpaka jioni, hapo barazani, watu wanapita wanacheza. Haijazima! Mstari hata mmoja haujaonekana!"

Nilitaka kudondosha dumu. Imeshinda uchi barazani na upepo unapita, ingezima kwa nini? Mtu mwenyewe anatoa ushahidi wangu kwa mdomo wake, na kila mtu anatikisa kichwa kwamba kweli, ni virusi.

Jumanne, 8 Aprili

Mstarini mkuu ametangaza kwamba mashine imesafishwa virusi na kwamba wapo wanafunzi wanaoaminiwa wakavunja uaminifu. Hakutaja jina. Shule nzima iligeuka kuniangalia.

Jumatano, 9 Aprili

Gauni limerudishwa. Limepigwa wanga na pasi, limekuwa gumu kama kadibodi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mistari. Giza. Na mimi sijakanyaga mle ndani tangu mwezi uliopita. Unajua Bwana Bonifas amesemaje? Kwamba virusi vyangu viliacha mayai.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda ofisini bila kuitwa. Bibi aliniambia nisiende. Mwanasha aliniambia niende lakini ninywe maji kwanza.

Walikuwepo haohao watatu. Niliamkia, nikaomba ruhusa ya kusema, mkuu akanipa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuzunguka: kwamba mashine zinahitaji hewa, kwamba mahali pengine hufunikwa baada ya kuzimwa. Nilipofungua mdomo yote yakapotea.

"Mwalimu, naomba ivuliwe gauni. Siku moja tu. Ikizima ikiwa haijavaa, nifukuzeni kwenye somo."

Bwana Bonifas akacheka mpaka akakohoa. "Mkuu, tumeelewa! Mgonjwa hana virusi, mgonjwa ana gauni! Tumpeleke kwa fundi cherehani!"

Mwalimu Ditram alitabasamu, na nikaona kwamba angecheka kama si Madam Gaudiosa, aliyekuwa amesimama.

"Nimefuma ile nguo usiku na mchana," alisema. "Kwa uzi wangu. Mimi kompyuta sizijui, nilikabidhiwa tu, sikukataa. Nikasema angalau niitunze. Leo mtoto ananiambia nimeiua."

"Sikusema hivyo, Madam."

"Umesema."

Mkuu akapiga meza kwa kalamu. "Costancia. Umekuja hapa kujitetea au kumvunjia heshima mama yako?"

Nilisema nimekuja kujitetea. Akaniambia nitoke.

Nilikwenda nyuma ya jiko la shule nikalia, si kwa huzuni, kwa ghadhabu. Walikuwa na njia ya kujua. Haina gharama, haihitaji fundi, haihitaji hata bisibisi. Kuinua nguo tu na kungoja. Hawakutaka kujua.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwanasha anasema gauni halipo. Hakuna aliyesema limekwenda wapi. Nailoni pia haipo, wamesogeza meza mbali na panapovuja.

Jumanne, 15 Aprili

Jua kali mchana wote. Kompyuta haijazima.

Jumatano, 16 Aprili

Haijazima.

Alhamisi, 17 Aprili

Haijazima. Bwana Bonifas amechapa mtihani wote wa kidato cha pili, akatoka akisema dawa ya fundi ilikuwa inachelewa tu kufanya kazi.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita. Mkuu ameniita, peke yangu, na amenishangaza kwa upole. Alisema anajua mimi ni mwanafunzi mzuri na hataki nipoteze somo. Jumatatu ijayo nisimame mstarini, niombe msamaha kwa kuingiza virusi na kwa kumkosea Madam Gaudiosa, kisha nirudi chumbani siku hiyohiyo, nifanye vitendo nilivyokosa, nifanye jaribio.

"Na nisipoomba, mwalimu?"

"Kwa nini usiombe? Ni dakika moja. Yaishe."

Nilitaka kumwambia kuhusu gauni lililotoweka na kompyuta iliyopona. Nadhani anajua. Nadhani anajua kabisa, ndiyo maana ni mpole.

Ijumaa, 25 Aprili

Madam Gaudiosa amekuja nyumbani.

Alikuja jioni na mvua, amejifunika kanga, ameleta maharage ya kwao. Bibi alimkaribisha, akampa kigoda karibu na moto, akaniambia nimwamkie. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba kwa sauti ya chini. Bibi akasema anakwenda kuangalia kuku, ingawa kuku walikuwa wamekwisha kulala.

"Nililivua Jumapili, siku mbili baada ya wewe kuja ofisini," Madam Gaudiosa aliniambia. "Baada ya kusali nilipitia shuleni. Nikaiwasha, nikakaa mbele yake mchana mzima kama mlinzi. Haikuzima."

Nilisukuma kuni motoni.

"Ulisema kweli, mwanangu."

"Basi si uwaambie, Madam."

Alitazama moto. "Wale wananicheka tangu nilipokabidhiwa. Bonifas ananiita mhandisi. Nikiingia ofisini ananiuliza nimeipikia nini leo kompyuta. Sasa nikasimame niseme ni mimi, ni gauni langu? Nitaitwa hivyo mpaka nastaafu. Wewe ni mtoto. Utaomba msamaha, watoto wenzako watasahau muhula ukifungwa. Omba tu, yaishe. Mimi mwenyewe nitasimama nikukumbatie mbele ya wote."

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote, na hapohapo nikamwonea huruma, na sikujua vitu hivyo viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mikono yake ni ile iliyonifunga bandeji nilipoteguka kidato cha kwanza. Ni mikono hiyohiyo aliyokuwa anaiangalia siku niliyonyang'anywa ufunguo.

"Madam, nikikubali mbele ya shule nzima kwamba nilileta virusi, mwaka kesho nani atanipa ufunguo wa kitu chochote?"

Aliinuka, akaniwekea kiganja kichwani, akaenda zake mvuani. Kanga yake ilikuwa imelowa yote.

Bibi aliporudi alisema yeye angeomba. Alisema ameomba msamaha mwingi maishani kwa mambo yasiyo yake, na amekula, amelala. Nikamuuliza kama hayamwumi. Akasema tupakue chakula.

Jumamosi, 26 Aprili

Ulisema nikuletee daftari mwisho wa muhula. Siwezi kungoja. Ninampa dereva wa gari la Noah la Mikumi asubuhi hii alilete shuleni kwako, na nimemwomba akungoje ulisome. Anasema barabara ya kupitia kijiji cha Ulaya ni tope tupu lakini kesho jioni atarudi Kilosa, Mungu akipenda. Jibu lako mpe yeye mkononi.

Mwanasha anasema nisiombe, na kwamba nikisimama kusema ukweli naye atasimama, aseme habari ya nailoni. Najua atafanya hivyo, na najua naye watamtoa kwenye somo. Nikisema ukweli ninamvua Madam Gaudiosa mbele ya watoto wote. Nikiomba msamaha ninarudi chumbani, ninakaa mbele ya kioo kisicho na mstari hata mmoja, na kila anayepita mlangoni anajua kwamba nilikiri. Nikikaa kimya somo limekwenda. Nimeangalia kitu kimoja kimoja kama ulivyonifundisha, na safari hii sioni kosa liko wapi la kurekebisha.

Wewe umeshika ufunguo ule kabla yangu, na walimu hawa unawajua mmoja mmoja. Jumatatu asubuhi mkuu akiita jina langu nami nikapita mbele, Madam, ungekuwa wewe ungesema nini?